Waandikeni Wasichana Wetu: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Soka la Wanawake, Mtwara na Lindi

Kwa:
Viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF),
Viongozi wa Chama cha Mpira wa Miguu wa Wanawake,
Viongozi wa vyama vya mpira wa miguu vya mikoa ya Mtwara na Lindi,
Wakurugenzi na maofisa michezo wa halmashauri zetu.

YAH: USAJILI, MIKATABA NA MATIBABU YA WACHEZAJI WA KIKE KUTOKA MTWARA NA LINDI

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Newala, na kwa miaka kumi na mmoja sasa nimekuwa nikiwafundisha wasichana mpira wa miguu kila jioni baada ya vipindi, katika uwanja wa shule ambao upande mmoja umepakana na mikorosho na upande wa pili na barabara. Ninawaandikia hadharani, si kwa sababu nina ugomvi na ofisi yoyote, bali kwa sababu jambo ninalolileta limegawanyika katika meza nyingi, na kila meza ikilitazama kipande chake inaweza kuamini kwa nia njema kabisa kwamba kazi iliyobaki ni ya meza nyingine.

Ninachoomba ni kitu kimoja: wasichana wetu waandikwe. Waandikwe katika kumbukumbu rasmi za shirikisho tangu wanapotimiza miaka 12, waandikiwe mikataba wanayoweza kuisoma wanapochukuliwa na klabu, na yaandikwe ndani ya mikataba hiyo yatakayofanyika siku watakapoumia au watakapopata ujauzito. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka katika ombi hilo.

Sina haja ya kuwaeleza kwamba kazi hii ya mpira imekuwa kazi kweli kwa mwanamke wa Kitanzania. Mnayajua kuliko mimi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, ikampata bingwa wake wa kwanza, Mlandizi Queens. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022, na mwaka huohuo mabinti wa Serengeti Girls, timu ya taifa ya vijana, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India, wakaenda hadi robo fainali. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, waliocheza fainali za Afrika mwaka 2010 huko Afrika Kusini, walirudi katika fainali hizo mwaka 2025 nchini Morocco baada ya miaka 15. Aisha Masaka ametoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Opah Clement amecheza Uturuki. Clara Luvanga yuko katika orodha ya Watanzania waliovaa jezi ya Al Nassr ya Saudi Arabia. Wasichana wangu wanayajua majina haya kwa moyo, na wanapogawana namba uwanjani hugombania kuwa Clara.

Lakini kati ya uwanja wa kijijini na majina hayo kuna njia, na njia hiyo kwa msichana wa huku kwetu haina alama hata moja iliyoandikwa. Nitaeleza kwa mfano wa mwanafunzi wangu mmoja, ambaye sitamtaja jina, kama ambavyo sitaitaja klabu iliyomchukua.

Alikuwa winga wa kushoto. Alianza kucheza kwangu akiwa darasa la tano, akaendelea alipoingia sekondari, na akiwa na miaka 16 alionwa katika michezo ya shule na mtu aliyejitambulisha kuwa mwakilishi wa klabu ya mkoa mwingine. Wiki tatu baadaye mtu huyo alikuja nyumbani kwao na karatasi ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mama yake alikuwepo, na mjomba wake, ambaye kwa desturi zetu ndiye msemaji wa mambo ya mtoto, aliitwa kutoka shambani maana ulikuwa msimu wa kuokota korosho. Mjomba alitia sahihi. Alifanya hivyo kwa furaha, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nilifurahi pia, wala sikuomba niisome ile karatasi hadi mwisho. Hilo ni kosa langu, na ndilo linalonifanya nisilale kwa raha ninapolikumbuka. Mgeni aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka nayo. Nyumbani hapakubaki nakala.

Msichana alicheza huko msimu mmoja na nusu. Posho ilikuja miezi mingine, miezi mingine haikuja, lakini chakula cha kambini kilikuwepo naye hakulalamika. Katika msimu wa pili aliumia goti mazoezini. Hakugongana na mtu, aligeuka tu na mguu ukabaki, jambo ambalo kila anayefundisha wanawake analijua na kuliogopa. Alipewa dawa za maumivu, akasubiri, kisha akapandishwa basi kurudi Kusini na magongo mawili na begi lake. Nilipopiga simu kuuliza kuhusu matibabu niliambiwa kwamba ameshaachwa, si mchezaji wao tena. Basi mama yake akauza gunia za korosho, sisi walimu tukachanga, akapelekwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, ili goti lichunguzwe. Ilichukua karibu mwaka na nusu kupona, kwa sababu fedha zilipatikana kwa vipande.

Alipopona, timu nyingine ikamtaka. Hapo ndipo yakatokea yaliyonifanya niandike barua hii. Klabu ileile iliyosema si mchezaji wake ilijibu kwamba ni mchezaji wake halali kwa mujibu wa mkataba, na kwamba timu inayomtaka ilipe kwanza ndipo itoe barua ya kumwachia. Wakati wa kumtibu hakuwa wao, lakini wakati wa kumuuza alikuwa wao. Wala hatukuweza kubishana nao, kwa sababu mkataba tulikuwa hatuna, na hatukujua hata ulikuwa wa miaka mingapi. Leo ana miaka 21 na anauza samaki wa kukaanga Mikindani.

Waheshimiwa, kanuni zilizopo zingemlinda msichana huyu kama angekuwa na karatasi mkononi. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya kucheza. Zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa zaidi ya miaka 3. Zinatambua kwamba klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi 2, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, ilimradi ameiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa deni. Hata msichana wa kidato cha tatu anaweza kuyaelewa haya akielezwa kwa Kiswahili. Lakini ili uandike barua ya kudai mishahara miwili, lazima ujue mshahara wako ni kiasi gani, na ili uende mbele ya kamati ya hadhi za wachezaji, lazima uwe na kitu cha kuiwekea kamati mezani.

Kwa hiyo ninaiomba TFF itamke kwamba mkataba wowote wa mchezaji wa kike wa ngazi yoyote hautapokelewa katika usajili mpaka uwe umeandikwa kwa Kiswahili, au uwe na tafsiri ya Kiswahili iliyotiwa sahihi na pande zote, na mpaka kuwe na uthibitisho kwamba nakala imebaki kwa mchezaji na nyingine kwa mzazi au mlezi wake. Ninaviomba vyama vya mikoa viteue mtu mmoja katika kila wilaya, awe mwalimu, ofisa michezo au mwanasheria wa halmashauri, ambaye mkataba wa msichana aliye chini ya miaka 18 utasomwa mbele yake, sentensi kwa sentensi, kabla mzazi hajashika kalamu. Gharama ya jambo hili ni muda wa asubuhi moja. Wapo watakaosema klabu zitakimbia wilaya zenye masharti. Mimi naona klabu inayokimbia kwa sababu ya kuombwa isome mkataba wake kwa sauti ilikuwa imekuja kwa jambo lingine.

Sasa nije kwenye usajili wa mapema, ambao najua hauzungumzwi sana na ambao kwangu ndio mzizi. Mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Ndio unaoitwa mchango wa mshikamano. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyomlea inastahili asilimia 0.25 ya fedha hizo, na kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23 inastahili asilimia 0.5. Ipo na fidia nyingine ya mafunzo ambayo wanaume wanaifaidi, lakini kanuni zenyewe zinasema haihusu soka la wanawake, kwa hiyo kwetu sisi tunaolea wasichana mlango uliobaki ni huu mmoja.

Fedha za uhamisho wa wanawake zilikuwa ndogo kwa muda mrefu, na kwa wachezaji wengi bado ni ndogo au hakuna kabisa, kwa sababu wengi huhama mikataba yao ikiwa imeisha. Hata hivyo Januari 2025 Chelsea ya Uingereza ilimnunua beki wa Marekani, Naomi Girma, kwa zaidi ya dola milioni 1. Sisemi kwamba kesho atatokea Newala mchezaji wa bei hiyo. Ninafanya hesabu tu: msichana aliyecheza katika timu ya kijiji kwa misimu 4, tangu miaka 12 hadi 15, anaiachia timu hiyo haki ya asilimia 1. Katika uhamisho wa dola 50,000 hiyo ni dola 500. Dola 500 huku kwetu ni mipira, nyavu na viatu vya njumu vya timu nzima, na pengine nauli ya kwenda kucheza Masasi na Nachingwea.

Lakini fedha hizo hulipwa kwa klabu iliyosajiliwa chini ya shirikisho, kwa kufuata pasi ya mchezaji, yaani kumbukumbu inayoonyesha kila klabu aliyoandikishwa tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Shule si klabu. Timu yangu, iliyotoa wasichana watano waliowahi kuchezea klabu za mikoa mingine, haimo katika kumbukumbu yoyote. Kwa mujibu wa maandishi, wasichana hao walianza kucheza mpira siku waliyosajiliwa na klabu zilizowachukua wakiwa na miaka 16 au 17, kana kwamba walishuka kutoka mawinguni wakiwa tayari wanajua kupiga krosi. Ninaamini hali ni hiyohiyo kwa walimu wenzangu wa Tandahimba, Ruangwa, Liwale na Kilwa.

Jambo hili haliwezi kurekebishwa kwa kurudi nyuma. Mwaka usioandikwa umepotea. Ndiyo maana ninaomba lisisubiri mpango mkubwa. Vyama vya mikoa viruhusu timu ya wasichana ya kata ijisajili kwa ada ndogo ambayo walimu wanaweza kuichanga, na kwa fomu rahisi, bila kudaiwa uwanja wenye uzio wala benchi la ufundi la watu saba. Kisha kuwe na ligi ya wasichana ya wilaya, hata ya timu nne, yenye ratiba na waamuzi na matokeo yanayoandikwa, kwa sababu msichana anayesajiliwa bila kuwa na mechi anakuwa jina tu katika mfumo. Mikoa yetu inajua kufanya mambo haya. Namungo ya Ruangwa, klabu ya wanaume, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na katika msimu wa 2020/21 ilikuwa inacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara umepokea vijana wa michezo ya shule kutoka nchi nzima. Waliotayarisha mambo hayo bado wapo katika ofisi hizihizi ninazoziandikia.

Halmashauri nazo naziomba zitazame mapato yao ya ushuru wa mazao. Korosho inapouzwa mnadani, kila kilo inaacha kitu katika halmashauri, na korosho hiyo imeokotwa kwa sehemu kubwa na wanawake na wasichana walioinama chini ya miti tangu alfajiri. Ofisa michezo wa wilaya akipewa kutoka humo mafuta ya pikipiki ya kuzungukia kata zake, nusu ya niliyoyaandika katika aya iliyotangulia itakuwa imefanyika.

Kuhusu matibabu sitasema mengi, kwa kuwa madaktari wapo na wanajua. Nitasema tu kwamba utafiti wa nchi nyingi umeonyesha wanawake wanachanika kano ya ndani ya goti iitwayo ACL mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo uleule, na kwamba mchezaji aliyepata jeraha hilo kwa kawaida huhitaji miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Maana yake ni kwamba klabu inayosajili wasichana 25 inajua kabla ya msimu kuanza kuwa jeraha la goti linaweza kutokea. Basi lisiwe la kushangaza linapotokea. Bima ya matibabu iwe sharti la leseni ya klabu, na mkataba useme wazi kwamba mchezaji aliyeumia akiitumikia klabu hawezi kuachwa mpaka apone au mkataba uishe, kwa vyovyote atakavyohesabiwa katika kikosi.

Na ujauzito je? Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, angalau 8 kati ya hizo zikiwa baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara wake, na zinakataza klabu kumfukuza kwa sababu ya mimba. Mchezaji wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, aliidai Lyon ya Ufaransa mishahara yake ya kipindi cha ujauzito kwa kuzitumia kanuni hizi, na akashinda. Alikuwa na mkataba wake. Katika timu ambazo wasichana wangu wamepita, anayepata ujauzito hutoweka kambini kimyakimya, na jina lake halitajwi tena mazoezini.

Naomba nizungumzie jambo moja ambalo viongozi wanaotoka nje ya mikoa yetu huliogopa au hulibeza. Msichana wa Kimakonde, wa Kimwera, wa Kiyao au wa Kimakua anapitia unyago. Mimi nilipitia, binti zangu wamepitia. Mara nyingi mwali huingia ndani wakati wa likizo, na ndio wakati ambao mashindano ya vijana na majaribio ya klabu hupangwa. Wapo wachezaji waliokosa majaribio kwa sababu hiyo, na wapo waliotolewa ndani kwa nguvu na walimu, kisha familia ikaapa kwamba hawatagusa mpira tena. Njia zote mbili ni hasara. Mwaka juzi nilikwenda kwa kungwi wa kijiji chetu kabla ya msimu, nikakaa naye mkekani, nikamweleza tarehe za mashindano. Akanisikiliza, akaniuliza kama huko waendako kuna mwanamke mtu mzima wa kulala karibu nao. Nikamwambia yupo, ni mimi. Akasogeza shughuli kwa siku tisa. Alipowatoa wale wali mbele ya mama zao, alisema kwamba aliyekuwa akicheza arudi akacheze, na tangu siku hiyo hakuna mzazi wa kijiji kile aliyeniambia kwamba mpira humtoa msichana katika uanamke. Wanaopanga ratiba za mashindano ya mikoa yetu wangefanya mazungumzo kama hayo na makungwi mapema, wangepata wachezaji ambao hawajawahi kuwaona. Na swali la yule mama, kuhusu nani analala karibu na watoto kambini, lingefaa kuwa la kwanza katika fomu ya usajili wa klabu.

Nina wasichana 19 wenye umri wa miaka 12 hadi 15 msimu huu. Majina yao yako katika daftari langu, pamoja na tarehe za kuzaliwa nilizozinakili kutoka katika vyeti vyao, isipokuwa wanne ambao hawana vyeti na ambao ninaendelea kuwafuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, pamoja na wazazi wao. Kwa kila mmoja nimeandika namba anayocheza, mguu anaotumia, na tarehe aliyoanza mazoezi. Daftari hili si kumbukumbu rasmi na halitambuliwi popote, lakini liko kamili, na nitalileta katika ofisi yoyote kati ya zenu, Mtwara au Lindi au Dar es Salaam, siku yoyote nitakayoitwa, ili majina hayo yaandikwe mahali panapostahili kabla wale wenye miaka 15 hawajatimiza 16.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu na kocha wa wasichana,
Newala, Mtwara.